Pikapu ya samaki iliyogoma kuwaka, na njia tuliyofuata kuipata hitilafu

Hilux yenyewe ni ya injini ya 3L, dizeli ya zamani isiyo na kompyuta, na kazi yake ni kuchukua samaki na barafu kutoka Tumbe kuleta Chake Chake, hapa Pemba. Ilifika gereji ikivutwa kwa kamba. Ndani ya boneti mlikuwa na betri mpya kabisa ya N70 na stata ya mtumba iliyokuja na boti kutoka Unguja. Vitu hivyo viwili, pamoja na nauli ya mzigo na ufundi, vilikwisha kula zaidi ya laki nne. Ukizungusha ufunguo, hali ilikuwa ile ile ya mwanzo: tak moja, kisha kimya.

"Mwanangu, nishatia betri, nishatia stata," alisema mwenye gari. "Sasa imebaki injini tu?"

"Injini sidhani, ami. Kilichobaki ni kupima."

Alikuwa mtu aliyechoka, na alikuwa na haki ya kuchoka. Gari ya samaki ikilala, barafu inayeyuka, wachuuzi wa sokoni wanapiga simu, na kila anayepita ana dawa yake: mmoja anasema swichi, mwengine anasema pampu, wa tatu anamjua mtu Dar anayeuza injini nzima. Katika hali hiyo mtu hununua chochote anachoambiwa. Gari ilikuwa na hitilafu mbili, moja ya umeme na moja ya dizeli, na hakuna hata moja iliyohitaji betri wala stata. Nimezieleza kwa mpangilio ule ule tuliopimia, kwa sababu mpangilio ndio uliotuzuia kununua kitu cha tatu bure.

Inafanya nini ufunguo ukizungushwa?

Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya kuuliza kipi kimekufa. Simama nje, mwenzako azungushe ufunguo, wewe sikiliza.

Ikiwa hakuna sauti na taa za dashibodi haziwaki kabisa, umeme hautoki kwenye betri. Terminali zimelegea au zimeota ukoga, au fyuzi kubwa iliyo karibu na upande wa chanya imekatika. Ikiwa taa zinawaka vizuri lakini stata haitoi hata tak, iliyokatika ni njia ndogo inayoiamsha stata: swichi ya ufunguo, rilei, waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata), au swichi ya klachi kwa gari zilizo nayo. Kwa gari ya otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P kabla hujafungua kitu.

Ukisikia tatatatata ya haraka, mara nyingi betri imeishiwa. Ina nguvu ya kuvuta solenoidi, lakini stata inapoanza kula umeme volti zinaanguka, solenoidi inaachia, kisha inavuta tena. Na ikiwa stata inazungusha injini kwa nguvu lakini injini haishiki, achana na betri na stata moja kwa moja. Hapo unatafuta dizeli, hewa na joto.

Tak moja ndiyo inayowapoteza watu zaidi. Inaweza kusababishwa na betri dhaifu, na kontakti za shaba zilizolika ndani ya solenoidi, na waya mnene wa chanya au wa ethi (ule wa hasi, unaounganisha betri na injini na bodi) unaozuia umeme, au na injini iliyokwama. Masikio peke yake hayawezi kuzitenganisha hizo. Multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, inaweza, na bei yake katika maduka ya vifaa vya umeme ni kama sehemu ya kumi ya bei ya betri.

Kabla ya kugusa chochote: gia nyutro, hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi. Vua pete na saa ya chuma, maana pete ikigusa chanya na bodi kwa wakati mmoja inaiva papo hapo ikiwa bado kidoleni. Mikono mipana ya kanzu na ncha za mtandio zikae mbali na feni na mikanda. Na asiwepo mtu wa sigara karibu na betri, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa haidrojeni, na gesi hiyo inalipuka kwa cheche moja.

Betri ilikuwa nzima, na ndipo jibu lilipoanza kuonekana

Betri iliyopumzika saa kadhaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo ikiwa imejaa. Kwenye 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 imebaki robo. Ukikuta chini ya 12.4, ichaji kwanza, kwani betri isiyo na kitu itakuharibia kila kipimo kinachofuata.

Kipimo cha kupumzika hakitoshi lakini. Betri iliyochoka ndani inaweza kuonyesha 12.5 asubuhi, na stata ikiguswa ikaanguka hadi 7. Kwa hiyo acha multimita hapo hapo kwenye betri, mwenzako azungushe ufunguo, na wewe utazame namba. Betri isishuke chini ya 9.6, na kwa pikapu ya dizeli yenye betri nzuri hubaki 10 au juu yake.

Kwenye Hilux hii namba ilikuwa 12.6, na ufunguo ulipozungushwa, tak, ikashuka hadi 12.4 tu. Niliwaomba wote waliozunguka boneti waitazame namba hiyo. Stata ya dizeli ya kiasi hiki hula mamia ya ampea inapoanza kuzungusha, na hakuna betri inayotoa umeme mwingi hivyo ikabaki na 12.4. Basi umeme haukuwa unapita. Ni kama mpira wa maji uliokanyagwa: bomba limefunguliwa hadi mwisho, lakini upande wa pili yanatoka matone. Betri mpya haikuweza kusaidia, maana hata umeme wa ile ya zamani ulikuwa haufiki kwenye stata.

Kama namba ingeanguka hadi 7 au 8, tungekwenda njia nyengine: betri mbovu, stata iliyong'ang'ania, au injini isiyozunguka. Injini hujaribiwa kwa spana kubwa kwenye boliti ya puli ya krenki, gia ikiwa nyutro. Ikikataa kabisa kuzunguka, usilazimishe. Toa hita plagi zote (plagi zinazopasha joto silinda za dizeli) uone kama maji hayajaingia kwenye silinda, kwani maji hayabanwi, na stata ikiyalazimisha inapinda fimbo ya pistoni.

Waya wa ethi

Ukijua umeme unazuiwa, unatafuta mahali unapozuiwa, na kipimo chake hakitaki kufungua boliti hata moja. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Upande wa chanya, gusa ncha ya risasi ya betri yenyewe, siyo terminali iliyoikumbatia, na kwa waya wa pili wa multimita gusa boliti kubwa ya stata inayopokea waya mnene. Mwenzako azungushe ufunguo. Isizidi 0.5. Upande wa ethi, gusa ncha ya risasi ya hasi, na waya wa pili uguse chuma kitupu cha bloku ya injini, mahali pasipo rangi wala mafuta. Hapo inatakiwa 0.2 hivi, na ikipita 0.3 kuna kazi ya kufanya.

Upande wa chanya tulipata karibu sifuri. Jibu hilo lisikufurahishe mapema: umeme usipopita, hata waya mbovu hauonyeshi kupoteza volti. Kwa hiyo tulikirudia kipimo hicho baadaye. Upande wa ethi multimita ilipita 8. Volti nane kati ya kumi na mbili zilikuwa zinaishia kwenye kipande cha waya kisichofika mita moja.

Uthibitisho ni mwepesi. Chukua waya mnene wa kuazimia umeme, bana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwengine kwenye boliti safi ya bloku. Tulifanya hivyo, ufunguo ukazungushwa, na injini ikazunguka kwa nguvu zake zote. Ami akaweka mkono kifuani. Pesa za betri na stata zilikuwa zimekwenda, lakini angalau sasa alijua gari yake ina nini.

Dalili zilikuwepo tangu zamani, na nazitaja kwa sababu gari nyingi hapa zinazo. Ya kwanza, kebo ya ekseleta ilikuwa ikipata moto wakati wa kuwasha, hadi plastiki yake imevimba. Waya mkubwa wa ethi ukifa, umeme wa stata hutafuta njia nyengine ya kurudi kwenye betri, na hupita kwenye chochote cha chuma kinachounganisha injini na bodi. Ukiona kebo ya ekseleta au ya klachi ina moto au inatoa harufu ya plastiki, kapime ethi siku hiyo hiyo, kabla kebo haijashika moto au kukatika njiani.

Ya pili ni mteremko. Pemba ni ya vilima, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuishi na gari isiyopiga stata kwa muda mrefu: anaiegesha juu ya mteremko usiku, asubuhi anaiachia, anatia gia ya pili, inawaka. Dizeli ya aina hii ikishazunguka inahitaji umeme mdogo tu wa kufungua dizeli kwenye pampu. Kwa hiyo kuwasha kwa mteremko kunaificha hitilafu ya ethi kabisa, mpaka siku gari inapozimika kwenye mchanga wa pwani, tambarare, na matenga yamejaa.

Tulipoufungua waya wenyewe, nje ulikuwa mzuri. Mpira mweusi, terminali imesuguliwa inang'aa. Tuliukata mpira kwa kisu karibu na terminali, na ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani na mweusi, nyuzi chache tu zikiwa hai. Nyuzi hizo chache zinatosha kuwasha taa, redio na hata kuvuta solenoidi. Stata haziitoshi.

Chanzo ni chumvi. Gari hii inarudi nyuma hadi ufukweni maji yakiwa yametoka, magurudumu yanarusha maji ya bahari ndani ya boneti kwa chini, kisha inaoshwa kwa maji ya kisima cha pwani ambayo nayo yana chumvi. Maji hayo yanaingia pale waya unapokutana na terminali, yanapanda ndani ya mpira kati ya nyuzi za shaba, na hayatoki tena. Kuosha kwenyewe kulikuwa kunaongeza ugonjwa. Gari za Nungwi, Mkokotoni na Mkoani zinazofanya kazi hii hii zina hali hiyo hiyo ukizifungua.

Waya mpya tuliutengeneza hapa hapa. Ulio mzuri na unaopatikana kirahisi ni ule wa mashine ya kuchomelea, unaouzwa kwa mita, wa shaba tupu, milimita za mraba 35 au zaidi, na 50 ni bora kwa dizeli. Kata uzi mmoja uukwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo iache dukani. Kiatu cha waya kibanwe kwa koleo lake, siyo kupondwa kwa nyundo, kisha kivishwe mpira wa kusinyaa kwa moto uliopakwa gundi ndani ili maji yasipande tena. Mahali pa kufunga kwenye bloku pasuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, funga boliti sawasawa, na ndipo upake grisi juu yake. Weka pia waya wa pili kutoka injini hadi bodi, na wa tatu kutoka bodi hadi hasi ya betri, hata kama nyaya za zamani zinaonekana nzima.

Baada ya hapo ethi ilisoma 0.1, chanya 0.3, na betri wakati wa kuzungusha ilisimama juu ya 10.

Stata ya zamani

Stata iliyotolewa ilikuwa imetupwa nyuma ya pikapu, chini ya matenga. Tuliifungua, maana stata za Denso za Toyota zina ugonjwa mmoja unaojulikana na wenye dawa ya bei nafuu. Ndani ya solenoidi mna vipande viwili vya shaba, na kisahani cha shaba kinachovigonga vyote viwili ili umeme mkubwa upite. Kila ukiwasha, cheche inakula shaba kidogo, na upande wa betri huliwa haraka zaidi. Siku kisahani kinaposhindwa kugusa pande zote mbili unapata tak bila kuzunguka, leo inawaka, kesho inagoma. Kubadilisha vipande hivyo ni kazi ya muda mfupi: toa stata, fungua kifuniko cha duara cha solenoidi, chomoa pistoni yenye kisahani, badilisha shaba zote mbili, hakikisha zimekaa kwa urefu sawa, funga. Jozi ya shaba ni maelfu machache tu ya shilingi ukilinganisha na stata nzima.

Stata hii upande mmoja wa shaba ulikuwa umelika lakini bado unagusa. Ilipata shaba mpya na sasa ni akiba.

Anayelazimika kununua stata ya mtumba asilipe kabla haijajaribiwa chini mbele yake. Stata ikandamizwe kwa mguu, ethi kwenye mwili wake, chanya kwenye boliti kubwa, kisha waya mdogo wa solenoidi uguswe chanya. Meno yaruke nje kwa kishindo na izunguke bila kusuasua. Hesabu meno ya gia ndogo ulinganishe na yako, na matundu ya kufungia vilevile. Wauzaji wengi hawakubali kurudishiwa bidhaa za umeme, na ikishapanda boti ndiyo imekwenda.

Kuigonga stata kwa nyundo huifanya izunguke mara nyengine, kwa sababu brashi za kaboni au kisahani vinasogea kidogo. Kufanye mara moja ili ufike nyumbani, basi.

Inazunguka, haishiki

Baada ya ethi kupona, stata ilizungusha injini kama mpya, na injini haikushika. Nyuso zilizokuwa zimechangamka zikanyauka. Hapa ndipo wengi hurudi kulaumu umeme, na hapa ndipo pa kwenda kutazama ekzosi.

Ukizungusha kwa sekunde kumi na ekzosi haitoi moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda. Ikitoa moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiwaki: joto halitoshi, mbano wa hewa ndani ya silinda ni mdogo, au majira ya pampu yamehama. Ikitoa mweusi, dizeli ni nyingi kuliko hewa, na kichungio cha hewa kikaguliwe. Usizidishe sekunde kumi kwa mzunguko mmoja, na pumzisha stata kama dakika moja, la sivyo utaiunguza.

Yetu haikutoa moshi. Kwanza tulipima solenoidi ya kukata dizeli, kijikopo kidogo chenye waya mmoja nyuma ya pampu ya nozeli, karibu na mabomba yanayokwenda kwenye nozeli. Ufunguo ukiwa umefunguliwa, waya huo uwe na volti zinazokaribia za betri, na ukiuchomoa na kuurudisha usikie tik. Kukiwa hakuna umeme, angalia fyuzi yake. Ukikwama njiani unaweza kuupa waya kutoka chanya ya betri moja kwa moja na gari ikaenda, ila ujue haitazimika kwa ufunguo, itazimika ukichomoa waya. Hii ilikuwa na 12 na tik yake ilisikika.

Tukaenda kwenye filta. Ilikuwa mpya, imebadilishwa wakati wa kubahatisha, na waliobadilisha waliifunga kavu bila kutoa hewa. Tulilegeza kifungio cha chini na kukinga kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Chupa ionyeshe ndani, kwani maji hukaa chini na dizeli juu, na utayaona yametengana wazi. Maji yalikuwepo, ya kutosha kusumbua. Tangi linaloachwa nusu msimu wa masika hukusanya unyevu, na dizeli ya madumu nayo huja na yake.

Kisha pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ibonyeze mfululizo, na ikijaa dizeli inakuwa ngumu chini ya kiganja. Yetu ilibaki laini, ikimaanisha hewa inaingia mahali kati ya tangi na filta. Upande huu dizeli inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo tundu lake halivuji nje na hutaona unyevu wowote. Tuliweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu ya nozeli, na mapovu yakaonekana yanapita. Halafu tukaichomoa njia ya tangi na kuilisha filta kutoka dumu safi la dizeli lililowekwa juu ya madigadi. Mapovu yakakoma na pampu ya mkono ikawa ngumu. Filta imetoka lawamani, na tundu lipo kati ya tangi na filta.

Lilikuwa chini, kwenye chasisi, pale mpira unapopokea bomba la chuma. Klipu imeliwa na kutu, mpira umepasuka kwa ndani. Ulibadilishwa kwa mpira wa dizeli wa kipenyo kile kile, na klipu mbili mpya. Mpira wa maji usiutie hapo, dizeli huulainisha kwa muda mfupi.

Hewa iliyobaki kwenye mabomba ya juu huondolewa hivi. Legeza nati za bomba kwenye nozeli mbili kwa spana namba 17, mzunguko mmoja tu, funika kwa kitambaa, zungusha sekunde kumi. Kwanza linatoka povu, kisha dizeli safi inayopiga kwa mapigo. Kaza, zungusha tena. Moshi mweupe ukatoka, injini ikapiga kwa silinda mbili, ya tatu, ikakohoa, ikashika. Mikono isikae karibu na nati hizo. Dizeli yenye mgandamizo hupenya ngozi, na kitundu chake kidogo mkononi ni jambo la hospitali hapo hapo, hata kama hakiumi.

Maelezo haya ya kulegeza nati ni ya pampu za zamani pekee. Kwenye Hilux za D-4D, Vigo na nyengine za kompyuta, usilegeze bomba lolote la nozeli injini ikizunguka. Mgandamizo wake unapita bar 1,000 na unaweza kuua. Hizo zinasomwa kwa mashine.

Moshi ungekuwa mweupe na injini isishike, tungepima hita plagi. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, pima kila moja kutoka kichwa chake hadi bloku kwa omu: nzima inasoma chini ya 1 hivi, iliyokufa haisomi kitu. Usizijaribu kwa kuzipa 12 moja kwa moja, kwa kuwa baadhi za Toyota zimetengenezwa kwa volti ndogo zaidi na huungua. Lakini asubuhi za Pemba hazina baridi ya kuishinda dizeli nzima. Injini inayokataa hapa hata kwa hita plagi mbili hai ina jambo la ndani, na inahitaji kupimwa mbano. Injini hii nzima hutoa karibu bar 30 kwa silinda, na ikifika 20 imekwisha. Tofauti baina ya silinda isizidi 5.

Na kabla ya kuzungusha sana injini usiyoijua, fungua kifuniko cha kutilia oili, mulika ndani, mwenzako aguse ufunguo kidogo. Kamshafti (shafti inayofungua vali) isipozunguka, mkanda wa taimingi umekatika. Kwenye 3L mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kuna taa yake kwenye dashibodi ambayo wengi huizima bila kubadilisha mkanda.

Yapo mambo mawili nawaomba watu wayaache. Kumimina petroli kwenye kichungio cha hewa ili dizeli ishike, kwani ikikutana na hita plagi zenye moto inawaka kabla ya wakati, inapinda fimbo au inarudisha moto usoni. Na kuivuta gari kwa kamba kwa gia kubwa wakati hujui kama mkanda wa taimingi ni mzima.

Kwa kirikuu na pikapu za petroli, nusu ya kwanza ya maelezo haya ni ile ile. Zikizunguka bila kushika, sikiliza pampu ya petroli ikivuma sekunde mbili ufunguo ukifunguliwa, kisha angalia cheche kwenye plagi. Zenye distribyuta, fungua kofia yake utazame kama ndani mna ukoga wa kijani.

Gharama, na utunzaji wake sasa

Waya wa ethi na viatu vyake, shaba za stata, mpira wa dizeli, klipu, filta nyengine na oringi yake, vyote pamoja havikufika laki moja. Laki nne na zaidi za mwanzo hazikurudi, na samaki walioharibika ndiyo hasara aliyoisikitikia zaidi, kwa sababu walikuwa wa watu. Betri ya zamani ilichajiwa usiku kucha, ikapimwa ikizungusha injini, ikasimama kwenye 10.2. Aliiuza kwa mwenye mashua.

Utunzaji wa gari hiyo umebadilika hivi. Ikitoka pwani inamwagiwa maji ya bomba chini, siyo ya kisima. Terminali zikiota unga mweupe zinaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, zinasuuzwa kwa maji baridi, zinakaushwa, kisha vaselini, na betri inaongezwa maji ya betri pekee. Filta inatolewa maji kila wiki msimu wa mvua, na tangi linajazwa jioni. Injini ikiwa hai, betri inasoma kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo alternata haichaji vizuri. Multimita inakaa chini ya kiti, na kila mwanzo wa mwezi dereva anapima ethi wakati wa kuwasha. Ikifika 0.3 anafungua boliti, anasugua kwa msasa, anafunga na kupima tena kabla ya kwenda Tumbe.